Injini Mpya ya Katune, Gari la Mama Mkwe

Mpendwa mama mkwe,

Salamu za Kitui zikufikie huko Tseikuru. Sisi ni wazima. Mueni binti yako ni mzima, na mjukuu wako tuliyempa jina lako anaendelea kunitesa, maana akikosea siwezi kulitaja jina lake kwa ukali. Nitaanzaje kufokea jina la mama mkwe? Huwa namwita "wewe mtoto", naye ameshajua kwamba mzee hana meno, basi anaendelea tu kumwaga unga.

Nimeona nikuandikie, tena niandike wazi mbele za watu, kwa sababu haya niliyo nayo hayasemeki kwa simu. Ukinipigia tunaulizana mvua, tunaulizana mbuzi, kisha kila mmoja anatafuta mlango wa kutokea. Kwetu Ukambani mwanamume hapigi porojo na mama wa mke wake. Tunaiita nthoni, yaani haya na heshima kwa pamoja. Humpi mkono, huli naye meza moja, na mkikutana kwenye njia nyembamba unaingia kichakani umpishe. Vijana wa siku hizi wanakumbatiana na mama wakwe zao uwanjani mwa kanisa, na sijasikia radi imempiga yeyote. Lakini mimi na wewe tulilelewa kizamani, na sioni aibu kulisema hilo.

Unakumbuka siku nilipoleta mbuzi wa uchumba kwako Emali? Tulikuwa tumekaa chini ya banda, wazee wangu na wazee wako, wewe hukuwapo. Kisha nikasikia mlio. Nililisikia gari lako kabla sijakuona wewe. Likaingia langoni, jekundu, milango minne kama gari la mwalimu mkuu, lakini limelala chini na linapumua kwa tabo, ile feni inayosukumia injini hewa. Wakaniambia linaitwa Katune, yaani kekundu kwa Kikamba. Ukashuka na kitambaa chako kichwani, ukapita nyuma ya nyumba bila kututazama, kama inavyopasa. Mimi sikuwa nikisikiliza tena habari za mbuzi. Nilimnong'oneza Mueni kwamba injini ya mama yake ina valvu moja inayogonga. Mueni, ambaye hajui kutunza siri, akaenda kukuambia. Jibu lako lilirudi likiwa moto: "Mwambie alikuja kuchumbia msichana, si gari."

Na bado jioni ukamuuliza Mueni kuhusu kucha zangu. "Huyu grisi itamtoka lini?" Haijatoka hadi leo, mama.

Katika Emali yote hakukuwa na mwanamke mwingine wa rika lako aliyeendesha gari kama lile. Ulilitumia katika biashara ya ndengu, zile choroko zetu. Wenzako wenye pikapu walikuwa bado wanapuliza chai, nawe ulikuwa umeshafika Kibwezi, umeshapatana na wakulima, umeshaagiza lori na umeanza kurudi. Watu wa barabara ya Mombasa walikujua kwa mlio. Ulipokwisha kustaafu, gari lilibaki kuwa miguu yako: kanisani, hospitalini, kwenye mazishi ya watu waliokuwa wamekupa ndengu zao kwa mkopo na imani. Mumeo, Baba Kilonzo, alikuwa ameshatangulia mbele za haki, watoto wametawanyika, lakini hakuna aliyewahi kukuita mpweke. Mpweke atapatikana wapi kwenye mwendo ule?

Kisha bomba la rediata likapasuka ukitoka Kibwezi. Mtu mwingine angesimama. Wewe ulisema hulali njiani, ukakanyaga mafuta hadi nyumbani huku mvuke ukitoka kama jiko la harusi. Ulifika, ndiyo. Injini haikufika. Nilipokuja kuitazama niliona bloku, mwili wenyewe wa injini, imepasuka ubavuni, nikamwambia Mueni akuambie pole. Katune akasukumwa kando ya ghala, na kuku wako mweusi akaanza kutagia kwenye kiti cha nyuma.

Hapo ndipo Kilonzo, mwanao wa kwanza, alipopiga simu kutoka Nairobi. Ninamheshimu shemeji yangu, na najua anakupenda. Lakini maneno yake yalikuwa haya, Mueni aliniambia: "Mum, hiyo gari imekufa. Na huwezi kaa huko peke yako bila transport. Nitakuja Saturday ya mwisho wa mwezi na pickup, tubebe vitu zako ukuje tukae na wewe. Mtu wa scrap atakuja siku hiyo hiyo abebe hiyo kitu." Alikuwa ameshakutengea chumba kwenye ghorofa, chumba kizuri, chenye dirisha linalotazama ukuta wa ghorofa nyingine. Wewe ukampigia Mueni.

"Mwambie mume wako aje na spana," ulisema. "Na asikuje na maneno mingi."

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa, na nataka kila anayesoma aelewe. Katune akiwaka kabla ya Jumamosi ile, unabaki kwako. Asipowaka, unafungwa pamoja na magodoro yako kwenye pikapu.

Nilifunga gereji yangu hapa Kitui nikaja. Nilikuwa nimepata injini ya mtumba kutoka Japani, ya ukoo mmoja na ile ya zamani lakini imezaliwa miaka mingi baadaye: nyepesi kidogo, yenye nguvu zaidi, na yenye kompyuta yake ya kujitawala. Gari lisilo na injini haliendi gereji, kwa hiyo gereji ikaja kwako, kwenye banda la mabati lililokuwa la ndengu.

Sijui kama mtu mwingine ameshawahi kubadilisha injini kwa adabu kama zetu. Wewe ulikuwa ukikohoa kabla ya kutoka jikoni, nami nikikohoa kabla ya kuzunguka nyumba. Aliyepita barabarani angedhani boma zima lina kifua. Chakula changu kilikuwa kinaachwa kwenye kigoda karibu na mlango, kimefunikwa. Nikihitaji ndoo, namwambia Mueni, naye anakuambia wewe uliye umbali wa hatua chache, nawe unamjibu yeye, nami nimeshasikia yote.

Kutoa injini ya zamani ndiko kulikonipa jasho. Nilikuwa nimesimamisha miti mitatu ya mkaratusi na kufunga puli juu, lakini mnyororo wa kuinulia ulikuwa umekatika na vijana wa pale walikuwa wameenda kuvuna mchanga. Nikaketi nikishika kichwa. Kumbe wewe ulikuwa umeshatuma neno kwa kikundi chenu cha mwethya, wale akina mama wanaochimbiana matuta shambani na kubebeana mawe. Wakaja na leso zimefungwa viunoni kana kwamba ni siku ya matuta. Mama, wale wote ni rika lako. Kwa desturi wale wote ni mama wakwe zangu! Ilinibidi niwaamuru mama wakwe kundi zima, macho yangu yakiwa kwenye injini tu, nikisema kwa sauti ya mtu anayeomba maji: "Tafadhali, mvute kidogo."

Mmoja wao akamwambia Mueni, kwa sauti ya kutosha: "Mwambie huyo mkwe akisema vuta, tunavuta. Akisema tafadhali tutacheka, na hii chuma itatuangukia."

Nikapitisha kamba kwenye puli, wakaishika, nikasema vuta. Injini ikapanda taratibu, ikining'inia na kudondosha mafuta meusi, na siku ileile wakaishusha ile mpya mahali pake kwa upole wa watu wanaolaza mtoto. Kisha wakala isyo yao ya mahindi na maharagwe, wakajifuta mikono, wakaenda. Nimeona winchi za kila aina katika kazi hii. Sijaona inayoifikia ile.

Siku zilizofuata nilifanya kazi ambayo hadi sasa, nikiikumbuka, natembea kifua mbele. Vishikizo vya injini havikulingana na gari, nikavikata na kuvichomelea upya. Sahani ya mafuta iligusa chuma cha chini, nikaipunguza. Rediata nikaweka kubwa zaidi, kwa sababu namjua dereva. Halafu nyaya. Injini ya kisasa ina nyaya nyingi kuliko maswali ya wazee siku ya mahari, na kila mmoja ulitakiwa kupata mwenzake katika gari lililoundwa kabla kompyuta ile haijafikiriwa. Niliunganisha mmoja mmoja kwa risasi ya kuchomelea, nikavika kila kiungo koti lake. Hakuna hata mmoja niliousokota na kuufunga tepu.

Nikamwomba Mueni aketi kitini azungushe ufunguo. Stata ikazungusha injini vizuri kabisa, lakini injini ikakataa kushika. Tena. Ikakataa. Nikapima, nikaona kompyuta haipati umeme. Nikafungua viungo vyangu vyote nikavirudia. Ikakataa. Jumatano ikakataa, Alhamisi ikakataa, na kupitia ukuta wa jikoni nikasikia unashusha masufuria kutoka rafuni, moja baada ya jingine, unayapanga kwenye gunia. Sikuweza kula siku ile.

Sasa nitakuambia jambo moja. Katika kufuatilia nyaya nilikuwa nimeuona mmoja mweusi, usiokuwa wangu wala wa kiwandani, unaingia chini ya zulia kuelekea kiti cha dereva. Niliuona, nikauacha. Kile ni kiti chako, mama. Sijawahi kukikalia, wala kukisukuma, wala kupitisha mkono chini yake. Kama ambavyo siwezi kuketi kitandani pako, ndivyo nilivyokiona kiti kile. Kazi yangu yote niliifanya nikiwa nje, au nikijikunja upande wa abiria. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini hawakusema lolote kuhusu mvungu wa kiti cha mama mkwe.

Ijumaa asubuhi Mueni alienda sokoni Emali. Tulibaki wawili, na kikohozi. Boneti ilikuwa imeinuliwa, nami nimeinama nyuma yake kama mtu aliyefiwa. Nikakusikia ukija, ukasimama upande wa pili, ambako boneti ilikuzuia usinione nami nisikuone. Kuku wako mweusi alikuwa anaparuaparua hapo. Ukaanza kuongea naye.

"Wewe kuku, niambie ukweli. Hii gari itawaka, ama nimalize kufunga vitu?"

Nami nikamjibu kuku yuleyule. "Kuku, kazi yote iko sawa. Nimeirudia mara nyingi. Lakini kuna mahali umeme unapotelea na sipaoni."

Kisha mlango wa gari ukafunguka. "Ai, acha nijaribu mwenyewe kabla waichukue," ulisema. Nikasikia unaketi, unajivuta mbele kama kawaida yako, na ufunguo ukazunguka.

Mama, ilishika papo hapo. Haikusita. Ilinguruma mara moja kisha ikatulia, laini, imara, na banda lote la mabati likaimba. Nilishika ukingo wa gari kwa mikono miwili. Machozi yalinitoka, nayasema wazi. Ukaizima, ukashuka. Nikazunguka kwa upande wa pili, nikaingiza mkono dirishani, nikazungusha ufunguo mimi. Ikakataa. Ukarudi ukaketi, nami nikakimbilia nyuma ya boneti. Ikawaka! Ukashuka, nikajaribu. Ikakataa.

"Kai," ulisema, na mara hii hukumwambia kuku, "hii gari inanijua?"

Ukauliza polepole, "Wewe hujawahi kukaa hapa kwa kiti?"

"Sijawahi, mama."

"Hata siku moja? Hiyo kazi yote?"

"Ni kiti chako."

Sijui ulikuwa na uso gani wakati huo. Ningetoa mengi niuone. Kisha ukasema, "Kaa."

"Mama, siwezi."

"Nimesema kaa! Kesho Kilonzo akikuja na hii gari ikatae, niende Nairobi kwa sababu ya adabu yako?"

Nikakaa. Magoti yangu yaligonga usukani, maana ulikuwa umekivuta mbele. Ukaniambia niingize mkono chini, upande wa kulia, nipapase. Nikapapasa, nikakuta kiswichi kidogo. Kikalia tik. Nikazungusha ufunguo, na Katune akawaka mkononi mwangu kwa mara ya kwanza.

"Fundi fulani aliniwekea hiyo ya kukata umeme wakati magari ilikuwa inaibwa sana," ulisema kutoka nyuma ya boneti. "Nikikaa mkono unawasha, nikitoka mkono unazima. Hata nilisahau iko. Na wewe ungeniuliza aje, na hatuongei?"

Hapo tukacheka. Wewe mbele ya gari, mimi ndani, boneti katikati, hatuonani, tunacheka hadi kuku akatoroka. Mimi sikukisogelea kiti kwa kukuheshimu, nawe hukulisogelea gari kwa kunisitiri, na kati ya heshima zetu mbili ulibaki usiku mmoja tu uhamishwe. Wazee wanasema nthoni huweza kulegezwa kwa mnyama anayetolewa na mkwe. Yetu ilifunguka kwa neno moja, kaa, na nimejivunia neno hilo kuliko cheti chochote nilichopewa katika ufundi.

Jumamosi Kilonzo alikuja na pikapu, na mtu wa vyuma vikuukuu nyuma yake. Hukubishana naye. Ulimfungulia mlango wa abiria. "Ingia, nikupeleke junction." Mlipotoka langoni nilisikia ukibadilisha gia ya pili, ya tatu, halafu tabo ikavuta, na mtu wa vyuma vikuukuu, ambaye alikuwa ameanza kumzunguka Katune kwa macho, akaniuliza kama ninapokea kazi. Mliporudi Kilonzo alishuka akiwa ameshika paa.

"Shemeji," akasema, "umeua plan yangu yote." Kisha akacheka, akakushika mkono, na pikapu ikarudi Nairobi na gunia la ndengu peke yake. Yule ni mtoto mwema, mama. Umelea.

Mwezi uliofuata ulisema unaenda Tseikuru kumsalimia dada yako. Huko ndiko ulikozaliwa, na tangu uolewe ulikuwa unafika kwa misiba tu na kuondoka kabla matanga hayajaisha. Nililiinua gari kidogo kwa ajili ya mchanga wa huko. Ulipita Kitui asubuhi, ukapiga honi mbele ya gereji yangu, hukusimama, nami nikaacha spana nikasimama barabarani hadi vumbi likatulia. Wateja walidhani amepita mheshimiwa. Niliwaambia ndiyo.

Sasa miezi inapita. Watu wanaotoka huko wananiletea habari. Kwamba umemchekesha dada yako hadi akashika ukuta. Kwamba umebeba mbuzi mgonjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari la spoti, na mbuzi akatulia kama abiria wa heshima. Kwamba vijana wa pikipiki wanakuachia njia. Mtu mmoja alikuja hapa na gari lake akasema hataki fundi mwingine isipokuwa yule aliyemfanyia kazi bibi wa Tseikuru. Najivunia mikono yangu, sitajifanya. Lakini najivunia zaidi kwamba kazi ya mikono hii imekupeleka mahali ulipotaka kwenda, na kwamba ulikwenda mwenyewe.

Ninakukosa pia. Sikutarajia kulisema hilo kwa mama mkwe. Mueni anapika kwa kelele kama zako, nami nikiwa nje najikuta nakohoa.

Jumapili iliyopita Kilonzo alinipigia. Alikuwa na wasiwasi kidogo, kama mtoto aliyetoka shuleni akakuta nyumba imefungwa. "Shemeji, mum hashiki simu. Alikuambia atarudi lini?"

"Hakuniambia. Injini ni nzima."

"Kwa hivyo atarudi lini?"

"Akitaka," nikamwambia.

Endesha salama, mama, na barabara ikupokee popote uendako.

Ni mimi mkweo,
mume wa Mueni.